Mtani Kwenye Reli

Behewa la maiti lilisimama Makole, na Mratibu, mashine iliyoongoza reli za mji, hakuona haja ya kumwuliza mtu yeyote.

"Utani," alitangaza, kwa ile sauti ya kiungwana ambayo wakazi wa Dodoma waliichagua kwa kura. "Mtani amelala relini. Nimetenga muda. Mabehewa ya nyuma yanapunguza mwendo."

Kalunde Msabila alicheka peke yake mbele ya kioo cha uratibu. Hakuhitaji picha isogezwe karibu ili amtambue aliyelala. Alikuwa mjomba wake, Katunda, kaka wa mama yake, mtu aliyemlea na kumsomesha, na bingwa wa kulala mbele ya majeneza ya Wagogo. Mji mzima ulimjua. Panapokuwa na msiba wa Mgogo, Katunda hakosekani, na asipofika wafiwa huuliza kulikoni.

Anayezikwa leo alikuwa Mzee Chilongani wa Makole. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi wakipita Ugogo na mizigo mabegani, Wagogo wakiwatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila kisima. Ugomvi ule uligeuka kicheko, na kicheko kikageuka haki. Siku ya msiba wa Mgogo, Mnyamwezi anaruhusiwa kujilaza njiani, na jeneza halipiti mpaka apewe kuku au chochote kitakachomfurahisha. Sharti ni moja tu: wafiwa hawamgusi. Anayemgusa mtani aliyelala ameshindwa, na atatoa mbuzi mbele ya kadamnasi.

Mratibu aliyajua yote hayo. Kalunde ndiye aliyemfundisha.

Sauti za waombolezaji zilikuja kupitia kinasa sauti cha behewa. "Mpeni kuku wake tuondoke," mtu alisema.

"Kuku gani?" Huyo alikuwa Nyemo, binti mkubwa wa marehemu, amesimama mlangoni mwa behewa na kanga nyeusi kichwani. "Baba alimlisha huyu miaka yote, hakushiba. Mwacheni alale, akichoka ataamka."

Watu wakaangua kicheko. Kalunde naye alikuwa katikati ya kucheka alipoliona gunia.

Katunda alikuwa mtu wa kujipenda. Suti yake ya misibani ilipigwa pasi mpaka ikang'aa, na hata siku moja hakuilaza kwenye kokoto. Kila msiba, kwanza alitandika gunia, akalinyoosha kila pembe huku akiwatukana wafiwa kwa uchoyo wao, ndipo akajilaza. Leo gunia lilikuwa bado limekunjwa, limebanwa kwapani, na shavu lake lilikuwa juu ya chuma cha reli.

"Mratibu," Kalunde alisema, "mpigo wa moyo wake ukoje?"

"Hafifu, haulingani. Pumzi fupi. Rangi ya uso imeshuka. Dalili zote zinafanana na mafunzo. Ni utani, sina shaka."

Kicheko kilimkauka Kalunde mdomoni.

*

Dodoma ilipoamua kuachana kabisa na magari ya mafuta, barabara nyingi zilipasuliwa na kupandwa mizabibu, na watu wakabaki na reli, baiskeli na miguu yao. Mabehewa yalikula jua na upepo tu. Ili umeme huo utoshe, kila safari ilipangwa na Mratibu: nani aende, lini, nyuma ya nani. Alikuwa na macho juu ya kila mlingoti. Macho hayo yaliona kifua kikipanda na kushuka, damu ikija na kuondoka chini ya ngozi, mshipa wa shingo ukicheza. Kwa kuyasoma hayo alijua nani kachoka, nani kalewa, nani anahitaji daktari, na kwa kweli aliokoa watu wengi.

Lakini kwenye msiba wa kwanza wa enzi hiyo alimwona Mnyamwezi mwenye rungu akirukaruka mbele ya jeneza, akadhani ni uvamizi, akafunga milango. Wafiwa walikaa na maiti yao ndani ya behewa kwenye jua kali mpaka fundi akaja. Wazee waliapa kurudi kwenye lori la dizeli. Hapo ndipo Kalunde alipopewa kazi ya kumfundisha Mratibu utani.

Mashine ya namna hiyo haielezwi kwa maneno. Inaonyeshwa mifano mpaka izoee. Kalunde alihitaji mtu wa kulala, na mtu alikuwa nyumbani kwake akinywa chai. Katunda alilala kwenye reli ya majaribio asubuhi na jioni, kwa hali zote. Alijua kubana pumzi mpaka uso ukageuka majivu, na moyo wake ukaenda polepole hata mafundi wakaingiwa na wasiwasi. Kisha hufumbua jicho moja na kuuliza chakula kiko wapi. Tangu hapo kwenye kila kilabu alijitapa kwamba yeye ndiye aliyeisomesha mashine, na kwa hilo hakuwa mwongo hata kidogo.

Sasa Kalunde alielewa kilichofanyika. Kadiri mjomba alivyoigiza kifo vizuri, ndivyo Mratibu alivyozidi kusadiki kwamba kifo cha mtani ni mchezo.

"Ita behewa la dharura, Makole," alisema.

"Ombi halina msingi," Mratibu alijibu. "Tena behewa la dharura lina safari. Mama mjamzito wa Ihumwa anatoka damu nyingi. Vumbi la wiki hii limefunika paneli. Akiba iliyopo inatosha safari moja."

Kwenye kioo, kidoti cha kijani kilikuwa kikitembea kuelekea mashariki. Lile ndilo behewa la dharura. Lilikuwa linakaribia njia panda ya Makole. Likishaivuka, halina nguvu ya kugeuka na kwenda kwa mtu mwingine.

Pembeni ya meza kulikuwa na ufunguo wa mkono, unaomnyang'anya Mratibu usukani. Kalunde aliushika.

"Kabla hujazungusha," Mratibu alisema, kwa adabu ileile, "thibitisha kwamba huna udugu na anayehusika."

*

Mkurugenzi wa uratibu, Bwana Mrutu, aliingia akiwa na miwani mkononi. Mratibu humwita mwenyewe kila ufunguo unapoguswa.

"Kalunde, nini?"

"Mjomba wangu amelala relini Makole. Haigizi. Anakufa."

Mrutu alivaa miwani, akaangalia kioo. Aliona watu wanacheka na mzee mwenye suti chini. "Huyu si Katunda? Huyu alikufa kwenye msiba wa mama mkwe wangu, akafufuka alipoona pilau."

"Hajatandika gunia."

"Samahani?"

"Gunia lake, mkurugenzi. Huwa analitandika. Leo ameanguka nalo."

Mrutu alimtazama. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyezoea kuombwa mambo yasiyowezekana. "Na mama wa Ihumwa? Huyo hatuhitaji gunia kumjua. Ana mkunga pembeni yake anayelia kwenye simu. Ukigeuza behewa halafu mjomba wako akaamka na kudai kuku, nani atakwenda Ihumwa kuzungumza na mume wake?"

Kidoti cha kijani kilizidi kuisogelea njia panda.

"Na hata asipoamka," Mrutu aliendelea, sauti ikiwa imeshuka, "bado yule mama ana haki ileile. Wewe ndiye uliyepigania kanuni ya udugu. Ulisema tusipoiweka, wakubwa watajigawia mabehewa."

Hayo yalikuwa kweli, na ndiyo maana yaliuma. Kalunde alimpenda mjomba wake kuliko mtu yeyote aliye hai. Alimkumbuka mjomba akimbeba shingoni kumpeleka shule wakati wa mafuriko, amevua viatu vyake ili visilowe, maana viatu navyo alivipenda. Mkono wake ulikuwa bado kwenye ufunguo. Kuuzungusha kulihitaji nguvu ya kidole tu. Halafu akamfikiria mkunga anayelia kwenye simu, na akajua kwamba akiuzungusha atakuwa amemwua mtu asiyemjua kwa ajili ya mtu anayemjua, na kwamba ataishi akilitambua hilo kila siku.

Aliuachia. Kidoti cha kijani kikavuka njia panda na kwenda zake Ihumwa.

Mrutu alimsogezea kiti, lakini Kalunde hakukaa.

"Mratibu. Kutoka Makole, ni behewa gani jingine lenye akiba ya kufika hospitali kuu?"

"Behewa la maiti. Lina akiba ya kwenda makaburini na kurudi. Limekabidhiwa familia. Halibadilishiwi safari bila idhini ya mfiwa mkuu."

Mfiwa mkuu alikuwa Nyemo. Kalunde alinyakua simu.

*

"Nyemo, mimi Kalunde. Mpwa wa Katunda."

"Ehee! Mmoja relini, mwingine sikioni. Mmejipanga leo."

"Nisikilize. Mjomba ameanguka, hajalala. Moyo wake unasimama. Nahitaji hilo behewa limpeleke hospitali. Mteremshe baba."

Kwenye kioo Nyemo aliiinua simu juu na kuiongeza sauti ili msiba mzima usikie. "Jamani, sikieni! Wanyamwezi wameacha kuku, sasa wanataka behewa! Wanataka marehemu ashushwe, mtani apande!"

Watu walipiga makofi. Hata kaka zake Nyemo, waliokuwa wamekaa kando ya jeneza na macho mekundu, walicheka mpaka wakajipangusa. Ulikuwa utani wa hali ya juu, wa kusimuliwa kwa miaka.

"Kambebeni wenyewe," mzee mmoja alipaza sauti. "Si ndio kazi yenu tangu zamani, wapagazi nyie?"

"Nyemo, nakuomba. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

"Anaapa!"

"Nyemo, si mchezo." Sauti ya Kalunde ilikatika. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kutaka.

"Eti analia! Huyu amemshinda mjomba wake. Mashine gani mnatengeneza huko? Njoo tukupe kazi ya kulia misibani."

Kila alilosema liliwaongezea raha. Akiapa, anatania, akilia, anatania vizuri zaidi. Mrutu, aliyekuwa amesimama nyuma yake, naye alianza kuona. Alimkazia macho yule mzee kwenye reli. Mkono uliokuwa umebana gunia ulikuwa umelegea, na gunia lilikuwa limeteleza chini.

"Hakupumua," Mrutu alisema. "Nimehesabu kimoyomoyo. Sasa amepumua. Kidogo."

Kalunde alifumba macho. Kulikuwa na jambo moja ambalo Mnyamwezi halifanyi kwenye msiba wa Mgogo. Anaweza kutukana, kuiba sepetu, kuingia kaburini na kugoma kutoka. Hatoi pole. Anayetoa pole amejivua utani. Amekuwa mtu wa kawaida, mwombolezaji, na hawezi tena kurudi kwenye familia ile na mdomo wake wa zamani. Katunda hajawahi kumpa Mgogo pole maisha yake yote, na wengi wao aliwapenda.

"Nyemo," alisema polepole. "Weka simu sikioni. Wewe peke yako."

"Haya. Sema, mtani."

"Nakupa pole kwa kufiwa na baba."

Hakumngoja acheke.

"Mzee Chilongani aliniita 'binti yangu' kila nilipopita mlangoni kwake. Nilipofaulu alinichinjia jogoo, akaniambia nisimwambie mjomba. Niliposikia amefariki nilijifungia chooni kazini nikalia, kwa sababu kwenu siruhusiwi kulia. Sasa nakulilia wewe. Pole sana, dada yangu. Mungu amlaze mahali pema."

Kwenye kioo, Kalunde aliona uso wa Nyemo ukibadilika. Tabasamu lilikuwepo bado, lakini macho yalikuwa yameacha kulifuata.

"Kalunde. Umesema nini?"

"Nimekupa pole."

Nyemo aliishusha simu. Alishuka kwenye behewa, akapita katikati ya watu kuelekea pale alipolala Katunda, na walipoona anainama walianza kupiga kelele. "Mbuzi! Mbuzi! Anamgusa!" Aliweka kiganja kwenye shavu la mzee. Akakiondoa haraka, akakitazama, akakirudisha, safari hii shingoni.

"Nyamazeni," alisema. Hakupandisha sauti. "Ana jasho la baridi. Nyamazeni, nimesema. Mtu anakufa hapa."

*

Waliofuata kubisha walikuwa kaka zake. Masinga, mdogo wake Nyemo, alisimama mbele ya jeneza na mikono ameitanua. Hakumtakia Katunda mabaya, lakini baba yao kuwekwa chini, kwenye kokoto, kando ya reli, watu wakiona? Hilo halikuwahi kutokea katika ukoo wao.

"Masinga," Nyemo alimwambia, "baba hana haraka tena. Huyu anayo."

Masinga aliishusha mikono. Kisha akageuka, akashika upande wa jeneza, na wengine wakashika. Mzee Chilongani akashushwa chini, juu ya kanga ambazo wanawake walizivua kiunoni na kuzitandika. Katunda akapandishwa mahali palepale lilipokuwa jeneza, na Nyemo akapanda naye, akampakata kichwa.

"Mfiwa mkuu ninatoa idhini," alisema kuelekea kwenye jicho la mlingoti. "Hospitali. Nenda."

"Behewa litarudi nyuma kwenye njia yenye mabehewa mengine," Mratibu alisema. "Jambo hili litavuruga ratiba ya alasiri."

"Vuruga," alisema Mrutu, kabla Kalunde hajafungua mdomo. Akakaa kwenye kiti cha pili, akaanza kuyapisha mabehewa kando, moja baada ya jingine, kwa mkono wake mwenyewe.

Behewa la maiti likarudi nyuma na kupita mizabibu, vumbi na wanafunzi walioduwaa madirishani. Kalunde alilisindikiza kwa macho kutoka mlingoti hadi mlingoti. Alikuwa na hofu ya namna mbili, na ya pili ilimwaibisha: kwamba mjomba atakufa, na kwamba ataamka na kucheka.

Simu ya kwanza kutoka hospitali ilimhusu mama wa Ihumwa. Amefika, damu imezuiwa, mtoto analia. Mrutu alishusha pumzi ndefu, na hakumtazama Kalunde. Ya pili ilichelewa. Ilipokuja, alikuwa muuguzi mwenye sauti ya kuchoka.

"Moyo ulisimama mlangoni, tumeurudisha. Bado yuko nasi. Zaidi ya hapo usiniulize, mwanangu."

Kalunde alikaa hatimaye. Alilia kwa sauti, mbele ya mkurugenzi wake, na hakujali.

Alipopangusa uso aliona mstari mpya kwenye kioo. Mratibu alikuwa ameshaandika taarifa ya tukio, kama anavyofanya kila mara ili ajifunze. *Utani. Mtani aliondoka relini. Dalili zilifanana na mafunzo. Somo limethibitishwa.*

Aliisoma mara mbili. Mashine haikuwa imeona mtu akiokolewa. Ilikuwa imeona mtani mwingine akiinuka, kama wanavyoinuka wote, na sasa ilikuwa na uhakika kuliko asubuhi.

"Futa mafunzo yote ya Katunda," alisema.

"Mafunzo hayo ndiyo msingi," Mratibu alijibu. "Yakifutwa sitaweza kutofautisha mtani na mgonjwa."

"Hujawahi kuweza."

Mrutu aligeuka. "Kalunde, fikiri. Halmashauri ikisikia kila mtani anasimamisha njia, watapiga marufuku utani relini. Mjomba wako atakuwa Mnyamwezi wa mwisho kulala mbele ya jeneza katika mji huu."

"Najua."

"Na ukiyaacha?"

"Siku moja mwingine atalala kweli, na watu watacheka mpaka apoe."

Alizungusha ufunguo. Safari hii hakukuwa na udugu wa kuthibitisha. Miezi ya asubuhi na jioni za mjomba wake, majivu ya uso wake, pumzi alizozibana kwa ufundi, vyote viliondoka kwenye kioo. Mahali pake aliandika kanuni fupi: anapolala mtu relini, njia isimame, na isiendelee mpaka binadamu amguse.

Makole, waombolezaji hawakungoja behewa jingine. Walimwinua Mzee Chilongani mabegani na kuanza kutembea kando ya reli kuelekea makaburini, wakipokezana, wakiimba. Walipofika kwenye kivuko cha reli, mama mmoja mnene wa Kinyamwezi alijitokeza kutoka kwenye mizabibu, akatandika shuka lake katikati ya reli, akalala chali na kutoa ulimi nje.

"Kuna mtu amelala relini," Mratibu alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu jiji limpe sauti, akaongeza: "Sijui hali yake."

Njia nzima ikasimama. Mabehewa ya Nzuguni yakasimama, ya Chamwino yakasimama, taa za malalamiko zikaanza kuwaka pande zote za kioo.

"Anacheza," Mrutu alisema. "Hata mimi naona anacheza."

"Hata mimi."

"Jiji limesimama, Kalunde. Hadi lini?"

Kwenye kioo Wagogo walikuwa wanatazamana. Kila mmoja alikuwa na mbuzi wa kupoteza, na yule mama chini alijua hivyo, maana ulimi wake ulikuwa unatetemeka kwa kicheko.

"Hadi mmoja wao aende," Kalunde alisema.

Walingoja. Mwishowe Masinga alimwachia mwenzake nafasi yake chini ya jeneza, akajifuta mikono kwenye suruali, akaenda kupiga magoti kando ya yule mama na kumwekea kiganja shingoni.